Soko la dhahabu Geita na Kahama: Mashine yapima ubora, haipimi usafi

KABLA ya mwaka 2019, mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Mwakitolyo kwa kawaida aliuza dhahabu yake kwa mnunuzi aliyemfuata machimboni. Mnunuzi ndiye aliyekuwa na mizani, ndiye aliyekadiria ubora kwa macho, na mara nyingi ndiye aliyemkopesha fedha za dizeli na chakula. Katika hali hiyo kubishania bei kulikuwa kugumu.

Mambo yalianza kubadilika Machi 2019, soko la madini la Geita lilipofunguliwa, likafuatiwa na la Kahama na mengine nchini. Mwaka huohuo serikali iliwaondolea wachimbaji wadogo kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5. Mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1 vilibaki.

Chombo kilicholeta tofauti kubwa ni mashine ya kupimia kwa mionzi ya eksirei. Dhahabu huyeyushwa kwanza iwe kipande kimoja, kwa kuwa mionzi husoma tabaka la juu tu. Kisha mashine hutaja kwa asilimia kiasi cha dhahabu na cha madini mengine kilichomo.

Tuchukue mfano. Kipande cha gramu 100 chenye ubora wa asilimia 88 kina gramu 88 za dhahabu halisi. Mnunuzi akikisia kuwa ni asilimia 82, muuzaji amepoteza gramu 6 bila kuibiwa hata punje mizanini. Mashine imeziba pengo hilo, na simu ya mkononi imemwezesha mchimbaji kujua bei ya siku kabla hajapanda bodaboda kwenda sokoni.

Hata hivyo, liko jambo ambalo mashine haisomi. Masoko endelevu, kwa lugha nyepesi, ni kuuza kwa faida bila kuharibu maji, ardhi na afya za watu, na kumpa mnunuzi ushahidi wa hayo. Kwa mchimbaji mdogo, doa kubwa ni zebaki. Huchanganywa na mchanga uliosagwa ili inase dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake wenye sumu huvutwa na kila aliye karibu.

Njia ya kupunguza madhara hayo si ngeni kwetu. Rwamgasa, mkoani Geita, ilikuwa katika mradi wa UNIDO ulioanza mwaka 2002, uliohimiza matumizi ya ritoti, yaani chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke na kurudisha zebaki itumike tena. Tanzania nayo iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki mwaka 2020.

Tatizo ni bei. Dhahabu iliyochomwa hadharani na iliyopita kwenye ritoti husomeka sawa kwenye mashine, na bei elekezi hufuata uzito na ubora. Aliyegharamia ritoti haongezewi hata shilingi.

Kwingineko nyongeza hiyo imewahi kuwekwa. Wachimbaji wa Syanyonja, mashariki mwa Uganda, walikuwa miongoni mwa wa kwanza Afrika kupata cheti cha Fairtrade, ambacho kiliweka nyongeza ya dola 2,000 za Marekani kwa kilo ya dhahabu halisi. Kwa kipande chetu cha mfano, hiyo ni dola 176, zinazokwenda kwenye kikundi. Nao Umoja wa Ulaya, tangu Januari 2021, unawataka waingizaji wakubwa wa dhahabu kuchunguza inakotoka.

Mnunuzi wa namna hiyo atauliza habari za kabla ya lango la soko: shimo lipi, leseni ya nani, imechenjuliwa vipi. Kikundi kinachotaka kumuuzia kianze sasa kuandika daftari la kila mzigo, pamoja na picha za simu zenye tarehe. Gharama yake ni ndogo, na bila kumbukumbu hizo hakuna cha kumwonyesha mnunuzi siku atakapouliza.