Jino Linalouma Unapoliachia

Changarawe moja kwenye sahani ya wali na maharage ilimgharimu shangazi yangu gego ambalo halikuwa na hatia. Alisikia "ka!" upande wa kulia, akatema, akasukutua, akaendelea kula. Baada ya siku chache akaanza kushtuka kila akitafuna nyama: maumivu makali ya ghafla, kisha kimya. Lipi hasa linauma, la juu au la chini? Hakuweza kusema. Eksrei haikuonyesha kitu. Kwenye zahanati ya kwanza waliona gego la juu lina kitundu, wakaling'oa. Jumapili iliyofuata alishika tena shavu lilelile.

Tangu mwanzo alikuwa akisema jambo moja ambalo hakuna aliyelishika: "Nikiuma, si sana. Nikiachia ndipo linanichoma." Maneno hayo yalikuwa ni ugonjwa wenyewe. Gego lake la chini lilikuwa na ufa.

Umewahi kuona mpini wa jembe uliopasuka? Ukiulalia, ufa unafunguka. Ukiuachia, unajifunga na kubana kiganja. Jino lenye ufa hufanya hivyo hivyo. Ganda lake la nje, enameli, ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini. Takriban asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Lakini ugumu huo ni kama wa kigae: hauchakai upesi, ila hupasuka. Chini yake kuna dentini, yenye madini ya asilimia 70 hivi, ambayo hunepa kidogo. Dentini imejaa vijineli, makumi ya maelfu katika milimita moja ya mraba, na ndani yake mna majimaji. Mtafiti wa Sweden, Martin Brännström, ndiye aliyefanya kazi kubwa ya kuonyesha kwamba majimaji hayo yakisogea kwa ghafla, neva zilizo ndani ya jino hushtuka. Unapoachia kuuma, ufa unajifunga kwa haraka, majimaji yanasukumwa, nawe unaruka. Mwaka 1964 jarida la chama cha madaktari wa meno cha Marekani lilichapisha makala ya C. E. Cameron iliyoupa mkusanyiko huu wa dalili jina lake rasmi.

Mbona basi mgonjwa hajui ni jino lipi? Kiini cha jino kinajua kuuma, lakini hakijui kuonyesha mahali. Kazi ya kutambua "ni hili hapa" hufanywa zaidi na nyuzi zinazolishikilia jino kwenye mfupa, na ufa ukiwa bado juu, nyuzi hizo hazijaguswa. Ndiyo maana namsihi kila mwenye maumivu ya namna hii asikubali jino ling'olewe kwa kubahatisha.

Eksrei nayo isilaumiwe sana. Ufa ni mwembamba kama karatasi. Karatasi ukiitazama kwa ukingo unaona mstari. Ukiitazama usoni, mstari haupo. Nyufa nyingi za magego hukata jino kutoka mbele kwenda nyuma, na miale ya eksrei ya kawaida hutokea upande wa shavu, kwa hiyo huutazama ufa usoni.

Daktari wa pili alikuwa na njia rahisi kuliko mashine. Alimpa shangazi kijiti kidogo cha plastiki, akakiweka juu ya ncha moja ya gego. "Mama, uma. Haya, achia taratibu." Ncha ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, vilevile. Ya nne aliuma vizuri, na alipoachia akadaka mkono wa daktari. Kisha ikaja taa kali iliyosogezwa ubavuni mwa jino: nusu iling'aa, nusu ikabaki giza, kwa sababu mwanga haukuvuka ufa. Madaktari wengine hupaka rangi ya buluu inayoingia kwenye ufa, au hutoa kizibo cha zamani ili watazame chini yake. Pia hupitisha kipimo chembamba kando ya fizi. Kikizama sana mahali pamoja tu, huenda ufa umeshafika kwenye mzizi, na hiyo si habari njema.

Mfupa uliovunjika huunga. Enameli haiungi, kwa sababu chembe zilizoijenga hutoweka jino linapochomoza. Tiba basi ni kulifunga jino lisifunguke tena, kama fundi anavyouviringishia ule mpini ukanda wa mpira wa tairi. Jino huvalishwa kofia inayofunika ncha zote. Kama kiini kimeshaharibika, yaani maumivu ya baridi hayakatiki au yanakuamsha usiku, mzizi hutibiwa kwanza. Jino likiwa limegawanyika vipande viwili hadi chini, kwa kawaida hung'olewa. Hata kofia si hakikisho kamili. Ufa huishia pasipoonekana, na wapo wanaorudi baadaye kutibiwa mzizi. Vile vistari vyembamba unavyoviona kwenye meno ya mbele kwa tochi ni vya watu wazima wengi, havina neno.

Wanaopata nyufa zaidi ni wenye magego yaliyozibwa kwa vizibo vikubwa, wanaosaga meno usingizini, wanaotafuna barafu na mifupa. Nami kinachoniuma kuliko vyote ni vijana wanaofungua soda kwa meno huku wenzao wakishangilia. Mafuta ya karafuu yatakutuliza kweli, kwa sababu yana yujenoli, dawa ambayo madaktari wa meno nao huitumia. Lakini hayaufungi ufa. Tafunia upande mwingine, usilijaribu jaribu jino, wahi kliniki, na ukifika sema wazi: linauma ninapoachia.

Shangazi alivalishwa kofia, na mshtuko haujarudi. Ila gego lile lililookolewa limekosa mwenzake wa kusaga naye. Juu yake kuna pengo.