Dari ya Nyumba Yako ni ya Herufi Gani?

Kila mwaka, hasa wakati wa kiangazi, moto huteketeza nyumba katika mji wetu wa Bukavu. Watu wa Kadutu waujua msiba huo. Nyumba nyingi huko ni za mbao, zimebanana mteremkoni, ukuta wa huyu ukigusa ukuta wa yule, na vijia ni vyembamba hata gari la wazima-moto haliwezi kupita. Ziwa Kivu li miguuni petu, na maji yake hayatufikii. Moto ukiisha, majirani husaidiana, Wakristo hukusanya nguo na sufuria, kisha mafundi huanza tena kupigilia mbao zile zile. Je, twajenga nyumba, au twapanga kuni?

Leo twataka kuwauliza wazazi, pamoja na kamati za majengo za parokia na shule, swali moja: mwajua ni kitu gani mnachokibandika ukutani na darini?

Moto hupitia juu

Moshi wa moto hupanda. Ukigonga dari hutandaa pande zote, kama maji yaliyomwagika sakafuni. Ikiwa dari ni ya kitu kiwakacho upesi, moto hukimbia huko juu kabla walalao hawajaamka. Joto la moshi huo likifika nyuzi 600 hivi, kitanda, nguo na meza huwaka karibu kwa mara moja, na aliyebaki chumbani hana tena njia ya kupona. Tena wengi hufa kwa kuvuta moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia. Kwa hiyo dari na kuta si pambo tu.

Maana ya herufi

Kwa sababu hiyo mataifa mengi yameweka majaribio. Katika jaribio moja la Ulaya, mabamba husimamishwa yakafanya pembe, kama pembe ya chumba, na moto wa gesi huwashwa hapo chini. Kwa muda wa dakika 20 hivi wataalamu hupima joto, moshi na matone. Kwa jaribio hilo na mengine, kila bamba hupewa daraja lake, tangu A1 mpaka F.

Daraja la A1 ni la vitu visivyowaka, kama matofali na saruji. Bamba la jasi mara nyingi hupata A2, kwa kuwa ndani ya jasi mna maji, kadiri ya sehemu moja katika tano za uzito wake. Yakipata moto hugeuka mvuke na kuuchelewesha. Mbao za kawaida huwa D. Frigoliti, ile nyeupe na nyepesi ifungiwayo redio mpya, mara nyingi huangukia E au F. Kando ya herufi huandikwa s kwa ajili ya moshi, na d kwa ajili ya matone yawakayo. Namba ikiwa ndogo, ndiyo heri. Basi B-s1,d0 ni bora sana kuliko D-s2,d0.

Cheti si uchawi

Muuzaji akisema, “Hii haishiki moto,” usiridhike. Uliza: ilipimwa kwa jaribio gani? Ikapata daraja gani? Cheti ni cha bamba lile lililopimwa, kwa unene wake, kwa gundi yake, na kwa namna lilivyofungwa. Ukibadili hayo, cheti hakikulindi tena.

Moto wa usiku wa tarehe 14 Juni 2017 uliwaua watu 72 katika jengo la Grenfell Tower, mjini London. Mabamba ya nje yalikuwa ya alumini yenye plastiki katikati. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa Septemba 2024, ilisema kwamba baadhi ya watengenezaji walificha ukweli wa majaribio yao. Ikiwa nchi tajiri yaweza kudanganywa, sisi je?

Mwezi huo huo wa Septemba 2024, jirani zetu wa Kenya waliwapoteza wavulana 21 walioungua katika bweni la shule ya Hillside Endarasha, kaunti ya Nyeri. Bweni hilo lilikuwa la mbao. Kila kamati inayojenga bweni na ikumbuke watoto hao kabla ya kuchagua kilicho rahisi.

Asiye na fedha afanyeje?

Wengi watasema: “Jasi ni ghali.” Twajua. Lakini udongo hauna bei kubwa, wala hauwaki. Kandika udongo au saruji juu ya mbao, hasa karibu na jiko. Weka mbabula mbali na ukuta. Na nyuma yake simamisha bati, ukiacha nafasi ya hewa kati ya bati na mbao. Usifunike ukuta kwa katoni wala kwa plastiki. Afadhali kukaa bila dari kuliko kulala chini ya frigoliti. Mlango wa bweni na ufunguke kwa nje, na madirisha yake yasizibwe kwa nondo.

Ukinunua bamba usilolijua, omba kipande, ukakiwashe nje, mbali na nyumba. Kikidondosha matone ya moto, kirudishe. Kisipowaka, usidhani kimeshinda: kinachostahimili kiberiti chaweza kushindwa na moto wa chumba kizima. Jaribio hilo lakuonyesha kibaya tu, halithibitishi kizuri.

Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza: ukuta uliojengwa kwa kitu kibaya huzika watoto. Amri ya Tano yatupasa kuulinda uhai wa jirani, na kuta zetu zagusana na zake. Basi fundi atakapokuja na mita yake, mzazi na amwulize kwanza juu ya moto, kisha juu ya bei.