Plagi Nyeusi ya Pikipiki ya Mtoto

Plagi ya pikipiki ya motokrosi ya watoto, yenye injini ya cc 50 au 65, huchafuka upesi kuliko ya bodaboda inayoshinda barabarani kutwa. Si kwamba imetengenezwa vibaya. Injini kama ya Kawasaki KX65 au KTM 65 SX ni ya mipigo miwili, na oili inayolainisha pistoni na krenki yake haikai chini ya injini ikizunguka humohumo. Huchanganywa na petroli ndani ya tanki, hupita kwenye kabureta, hulainisha njiani, kisha huingia kwenye silinda ikaungua pamoja na petroli. Isiyoungua hutoka na moshi, na kiasi fulani hubaki palepale cheche inapotakiwa kuruka.

Juu ya hilo yupo mwendeshaji mwenyewe. Injini hiyo ilibuniwa iungurume kwa kasi ya juu, ilhali mtoto wa miaka minane anayejifunza huizungusha uwanjani taratibu, akseleta ikiwa imevutwa kidogo tu, tena husimama kila baada ya kona kusikiliza maelekezo ya baba. Joto halipandi vya kutosha, na joto ndilo linaloisafisha plagi.

Ncha ya plagi ina vyuma viwili: cha kati, kilichozungukwa na kauri nyeupe, na cha pembeni, kilichoshikana na mwili wa plagi na kwa hiyo na injini. Koili husukuma umeme wa maelfu ya volti kwenye chuma cha kati. Umeme hauwezi kupenya kauri, kwa hiyo huruka pengo lililo kati ya vyuma hivyo, na huko kuruka ndiko cheche. Sasa masizi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kauri ikishafunikwa na utando mweusi, umeme hupata njia ya mkato: huteleza juu ya masizi hadi kwenye mwili wa plagi, na pengo halirukwi. Injini huanza kumisi, kisha huzima.

Ncha ikifika nyuzi joto 450 hadi 500 za Selsiasi, masizi huungua yenyewe. Ikipita 800 na ushei, hugeuka kaa la moto linalowasha mchanganyiko kabla cheche haijaruka, na pistoni inaweza kutoboka. Plagi hutengenezwa kwa madaraja mbalimbali ya joto ili kila injini ikae kati ya mipaka hiyo miwili, na hapo wanunuzi wengi hupotea njia: kwa NGK namba kubwa ni plagi baridi zaidi, kwa Bosch namba kubwa ni plagi moto zaidi. Kumwekea mwanagenzi plagi iliyo moto kwa daraja moja ni nafuu ya muda inayokubalika, mradi ile iliyotajwa kwenye kitabu cha pikipiki irudishwe siku atakapoanza kukimbia kweli.

Kabla kabureta haijaguswa, plagi itolewe isomwe. Weusi una aina zake. Masizi makavu, laini kama ya kibatari, husema petroli ni nyingi kuliko hewa. Weusi unaong'aa na kuteleza kidoleni husema oili imezidi. Plagi iliyolowa na kunuka petroli bila masizi mengi husema mafuta yanafika lakini hayawashwi, au kiki zimepigwa mno hadi silinda ikafurika. Kahawia hafifu ndiyo rangi ya afya. Kauri iliyo nyeupe pe, kavu, pengine na vijitone vya chuma juu yake, ndiyo ya kuogopwa kuliko zote, ingawa macho huiona safi: hewa imezidi mafuta, injini inachemka, na gharama inayofuata si ya plagi bali ya pistoni.

Usomaji huo una sharti lake. Pikipiki iliyorudi polepole hadi kivulini na kuachwa ikiunguruma kwenye silensa, yaani bila akseleta kuvutwa, itaonyesha weusi hata kama uwanjani ilikuwa sawa. Mafundi wa mashindano huvuta akseleta hadi mwisho kwenye mnyoofu, huzima injini papo hapo huku klachi imeshikwa, ndipo hutoa plagi.

Cheche nayo hupimwa: plagi huchomekwa kwenye kofia yake, mwili wake hugusishwa chuma cha injini, na kiki hupigwa. Hilo lifanywe mbali na tundu la silinda, kwa sababu mvuke wa petroli unaotoka humo huwaka. Cheche ya buluu ni dalili njema, lakini haimalizi shauri. Mwaka 1889 mwanafizikia Mjerumani Friedrich Paschen alionyesha kwamba volti zinazohitajika kuruka pengo hutegemea upana wa pengo pamoja na shinikizo la gesi iliyomo. Ndani ya silinda gesi imebanwa mara kadhaa, hivyo plagi iliyorusha cheche mkononi huweza kushindwa kazini. Kipimo cha bei nafuu ni kufunga plagi mpya ya namba sahihi. Nayo ikigeuka nyeusi baada ya mizunguko michache, basi plagi ni shahidi tu wa kosa lililofanyika kwingine, na mara nyingi huko kwingine ni kwenye kabureta.

Kabureta hufanya kazi kwa kanuni aliyoieleza Daniel Bernoulli mwaka 1738: shinikizo la kitu kinachotiririka hushuka pale kinapoongeza mwendo. Hewa inayovutwa na injini hulazimika kukaza mwendo inapopita kwenye koo jembamba la kabureta, shinikizo hupungua, na petroli iliyo kwenye bakuli la chini husukumwa juu kupitia vitundu vilivyopimwa, yaani jeti. Jeti ndogo hutawala kuanzia silensa hadi akseleta ikifunguliwa kama robo. Kuanzia robo hadi robo tatu, mwenye kauli ni sindano inayopanda na kushuka pamoja na kizibo cha akseleta. Jeti kubwa hushika usukani kwenye robo ya mwisho. Kwa kuwa mtoto hukaa sana kwenye robo ya kwanza, kesi nyingi za pikipiki yake ni za jeti ndogo, lakini linalobadilishwa kwanza na watu wengi ni jeti kubwa, kwa sababu tu ndiyo inayoonekana na kufunguka kirahisi.

Hapa pana mtego. Petroli iliyokaa ndani ya bakuli kwa wiki kadhaa hupoteza sehemu zake nyepesi na kuacha utando wa gundi. Tundu la jeti ndogo, lenye kipenyo cha milimita 0.4 hivi, huziba. Injini sasa inanyimwa mafuta kwenye silensa, haishiki moto bila choki, na ikishika huzima choki inaporudishwa. Basi choki, ambayo huongeza mafuta, huachwa imevutwa, mtoto huendeshea hivyohivyo, na plagi huwa nyeusi tii. Anayesoma plagi peke yake atasema mafuta ni mengi na kuweka jeti ndogo zaidi, kumbe ugonjwa ulianza kwa uhaba. Swali la kwanza kwa pikipiki yenye plagi nyeusi kwa hiyo ni kama inaweza kuunguruma bila choki injini ikiwa imepata moto.

Jeti iliyoziba huloweshwa kwenye dawa ya kusafishia kabureta na kupulizwa kwa pampu ya upepo hadi mwanga uonekane upande wa pili. Kuichokonoa kwa waya wa chuma ni kosa la kawaida kwenye vijiwe vya ufundi. Tundu la milimita 0.40 likitanuka hadi 0.45, eneo lake huongezeka kwa asilimia 27, na kuanzia hapo jeti hiyo si namba iliyoandikwa ubavuni mwake. Uzi wa nailoni wa mshipi wa kuvulia, ulio mwembamba kuliko tundu, haudhuru shaba.

Petroli ikivuja kwenye kipira cha chini ya kabureta, ishara ni ya floti. Floti huelea, na ikipanda huisukuma sindano ndogo ifunge mlango wa petroli. Chembe ya mchanga ikikwama hapo, au ncha ya sindano ikilika, bakuli hujaa kupita kiasi na plagi hulowa hata pikipiki ikiwa imesimama. Chujio la hewa lililoziba vumbi huleta masizi kwa njia nyingine, kwa kupunguza hewa, nalo linastahili kuoshwa kabla ya skrubu yoyote kuguswa. Skrubu yenyewe ina kigeugeu: ikiwa upande wa chujio hupima hewa, na kuikaza huongeza utajiri wa mafuta, ikiwa upande wa injini hupima mafuta, na kuikaza huyapunguza.

Kabureta iliyo nzima kabisa inaweza kukosea kwa sababu ya mwinuko. Watoto wa Kenya hushindana katika madaraja ya MX50, MX65 na MX85, na Nairobi iko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 15. Lakini mafuta yanayovutwa hufuata kipeuo cha pili cha uzito wa hewa, hivyo hupungua kwa asilimia 8 tu. Pikipiki iliyorekebishwa Pwani hupanda Nairobi ikiwa na mafuta ya ziada, na plagi huanza kuvaa masizi. Dawa ni jeti kubwa yenye namba ndogo zaidi, pengine na sindano kushushwa pingili moja. Safari ya kurudi Pwani ndiyo ya hatari, kwa sababu jeti za Nairobi zitaipa injini mafuta machache kuliko hewa nzito ya huko inavyodai.

Oili inabaki mshukiwa wa mwisho. Uwiano wa 1 kwa 40 ni mililita 25 kwa kila lita ya petroli, na kipimo hicho hutakiwa kutoka kwenye kikombe chenye alama, si kizibo cha chupa. Mzazi anayeongeza oili ili kuilinda injini hujidanganya mara mbili: huchafua plagi, na kwa kuwa oili huchukua nafasi ya petroli ndani ya jeti, hupunguza mafuta yenyewe. Uwiano ukiwa sahihi na bado plagi ikateleza kwa oili huku oili ya giaboksi ikipungua, sili ya krenki upande wa klachi imekufa na injini inanyonya oili hiyo. Sili ya upande wa magneto ikifa, hunyonywa hewa badala ya oili, na plagi huwa nyeupe.

Plagi mpya huanzishwa kwa vidole hadi ikae, kisha spana huikaza kama nusu mzunguko ili washa yake ibanane. Ile ya zamani isisuguliwe kwa brashi ya waya, maana waya huacha mistari ya chuma juu ya kauri, na chuma hupitisha umeme kuliko hata masizi. Pikipiki ikienda kupumzika hadi likizo ijayo ya shule, koki ya mafuta hufungwa na bakuli la kabureta humwagwa hadi tone la mwisho.