Tunduma Si Mwisho wa Nchi

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa kiza. Msemo huo hutujia akilini kila tunapowasikia ndugu zetu wa Unguja na Pemba, na hata baadhi ya watumishi wa Serikali waliokaa ofisini miaka mingi, wakiitaja Tunduma kana kwamba wanautaja ukingo wa dunia. Mtumishi akipokea barua ya uhamisho wa kwenda huko, jamaa humjia kumpa pole. Mfanyabiashara akisema ametoka huko, huulizwa habari za malori na foleni, kisha mazungumzo hugeuzwa. Habari za mkoa wenyewe, za watu wake na za historia yake, hakuna aziulizaye.

Leo tunapenda kuwachukua wasomaji wetu katika safari ya huko, kwa kuwa tunaamini kwamba nchi kubwa kama Tanzania haiwezi kujulikana kwa kuutazama mji wa bandari peke yake. Nyumba ina ukumbi na ina mlango wa uani. Mgeni huishia ukumbini, bali mwenye nyumba huijua milango yake yote.

Tuanze na ukubwa. Jamhuri ya Muungano ina eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000 na mikoa 31, ambayo 26 iko Bara na 5 iko Visiwani. Songwe ni miongoni mwa mikoa michanga kabisa, kwani uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa, si Tunduma kama wengi wadhaniavyo, na wilaya zake ni Mbozi, Momba, Ileje na Songwe. Eneo lake ni zaidi ya mara kumi ya visiwa vyetu vyote vikiwekwa pamoja. Hata hivyo, Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta huko watu milioni 1.3 na ushei, ilhali Zanzibar ilikuwa na watu wanaokaribia milioni 1.9. Kwa mtu aliyezoea nyumba za Ng'ambo zilizobanana, hilo peke yake ni somo la jiografia.

Atokaye Visiwani huvuka kwa boti hadi Dar es Salaam, na hapo njia huwa mbili. Ya kwanza ni barabara kuu ya kwenda Zambia, ambayo hufika Tunduma baada ya kilomita zipatazo 930. Barabara hiyo hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, ambako abiria huwaona twiga na tembo wakiwa hawajashuka garini. Hupanda milima hadi Iringa, nchi ya Mtwa Mkwawa, ambaye majeshi yake yaliwashinda Wajerumani pale Lugalo mwezi Agosti 1891. Kisha hupita Makambako na Mbeya na kuingia katika uwanda wa Mbozi, wenye baridi ambayo Mpemba aliyesahau koti hataisahau upesi.

Njia ya pili ni reli ya TAZARA. Treni hukata mbuga ambayo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, hushuka katika bonde la Kilombero, na kutoka Mlimba huanza kupanda mlima kwa madaraja na mahandaki hadi Makambako. Mwenye kutaka kujua nini maana ya kazi ya mikono ya binadamu na apite hapo mchana, macho yake yakiwa dirishani.

Reli hiyo haikujengwa kwa ajili ya fahari. Zambia ilipata uhuru wake Oktoba 1964, lakini shaba yake ilikuwa ikipita kusini, katika nchi zilizotawaliwa na makaburu na walowezi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia utawala wao Novemba 1965, Zambia ilijikuta imekabwa koo. Ndipo Tunduma ikawa pumzi yake. Malori yalibeba mafuta na shaba katika barabara ya vumbi na matope ambayo madereva waliifananisha na Jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA, kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, lilikamilika mwaka 1968. Nchi za Magharibi zilikuwa zimekataa kuijenga reli kwa hoja kwamba haitalipa, lakini Jamhuri ya Watu wa China ilikubali kutoa mkopo usio na riba, na mkataba ukatiwa saini mwaka 1967. Ujenzi ulianza mwaka 1970, na Julai 1976 reli yenye urefu wa kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikakabidhiwa kwa wenyewe. Maelfu ya Watanzania, Wazambia na Wachina walifanya kazi bega kwa bega, na wako waliopoteza maisha yao kazini.

Kwa hiyo mtu asemaye kwamba Tunduma haina historia hajui asemalo. Wakati ukombozi wa kusini mwa Afrika ulipokuwa ukipimwa kwa mapipa ya mafuta na tani za shaba, mzani ulikuwa hapa.

Lakini liko jambo la zamani zaidi linalotuhusu sisi wa Visiwani moja kwa moja, nalo halifundishwi inavyostahili. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani walitia saini mjini Berlin mkataba wa kugawana nchi zisizokuwa zao. Kwa mkataba huo Ujerumani ilikubali kwamba Unguja na Pemba ziwe chini ya ulinzi wa Uingereza, na yenyewe ikapewa kisiwa cha Heligoland katika Bahari ya Kaskazini. Jambo hilo wengi wetu tumelisoma. Tusilolikumbuka ni kwamba karatasi ile ile ndiyo iliyochora mstari kutoka Ziwa Nyasa, kwa kuufuata Mto Songwe, hadi Ziwa Tanganyika. Mwaka 1898 maofisa wa pande mbili walikuja kuupima mstari huo na kuuwekea alama. Ndio mpaka wa leo.

Basi Unguja na Songwe ziliandikwa katika waraka mmoja, siku moja, na watu wa pande zote mbili hawakuulizwa. Mstari ule uliwakata Wanyamwanga, wengine wakabaki huku na wengine ng'ambo. Vivyo hivyo Wandali wa Ileje wana ndugu zao Malawi. Hata leo mtu wa Tunduma huweza kuamka Tanzania, akamzika shangazi yake Nakonde upande wa Zambia, na jioni akarudi kwake kulala. Kwake yeye mpaka ni jambo la nyaraka, udugu ulitangulia.

Wala uhusiano wa pwani na nchi hizi haukuanza na Wazungu. Misafara iliyoandaliwa Unguja na Bagamoyo katika karne ya 19 ilifika hadi nchi zilizo kati ya maziwa hayo mawili. Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja, alipigana na Nsama wa Itabwa mwaka 1867 katika nchi ambayo leo ni kaskazini ya Zambia. Mlozi, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alijijengea ngome karibu na Karonga, akapigana na kampuni ya Kiingereza tangu mwaka 1887, na mwishowe akanyongwa Desemba 1895. Misafara hiyo ilieneza Kiswahili na nguo, lakini ilibeba pembe za ndovu pamoja na watu waliofungwa minyororo. Hatuna budi kulisema jambo hili waziwazi. Watu wa huko wanalikumbuka, na mgeni anayekuja na adabu hana haja ya kulificha.

Tukiacha vita na mikataba, ziko ajabu za nchi yenyewe. Kubwa kuliko zote ni Kimondo cha Mbozi, kilichoko mwendo mfupi kutoka barabara kuu. Ni bonge la chuma lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kuwa tani 16. Katika kila sehemu 100 za bonge hilo, 90 ni chuma na karibu 9 ni nikeli. Ni miongoni mwa vimondo vikubwa kabisa vinavyojulikana duniani, ingawa kile cha Hoba, nchini Namibia, kinakizidi kwa mbali. Wenyeji walikuwa wakikijua kabla ya wataalamu wa kigeni kukiandika habari zake mwaka 1930. Udongo uliokizunguka umechimbwa, nacho kimeachwa juu ya msingi wake, mtu akiweza kukigusa kwa mkono.

La kupendeza ni kwamba chuma hicho kiliangukia nchi ya wafua chuma. Wanyiha wa Mbozi walikuwa mabingwa wa kuyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, wakatengeneza majembe na silaha muda mrefu kabla ya majembe ya dukani. Ufundi huo ulikufa pale bidhaa za viwanda zilipoingia. Siku hizi uwanda wa Mbozi unasifika kwa kahawa, ambayo mibuni yake imezunguka nyumba za wakulima, na kwa mahindi yanayolisha miji ya mbali.

Upande wa kaskazini nchi huporomoka hadi Bonde la Ziwa Rukwa, lenye joto, samaki na mamba. Ziwa hilo halina mto utokao. Maji yaingiayo huishia kwenye jua, na ndiyo sababu yana magadi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba chini ya bonde hilo iko gesi ya heli, ambayo ni adimu duniani na huhitajika katika mitambo ya hospitali. Karibu na hapo, Mkwajuni na Saza ni sehemu ya nchi ya dhahabu ya Lupa, iliyovuta watu wengi kabla ya Vita Kuu ya Pili.

Hapa tumpe msafiri tahadhari mbili. Mito yenye jina la Songwe ni miwili: mmoja humwaga maji yake Rukwa, na mwingine ndio wa mpakani, nao huenda Nyasa. Aidha, atakayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Songwe asidhani amekwisha kuingia Mkoa wa Songwe, kwa kuwa uwanja huo uko Mkoa wa Mbeya. Bado ana safari.

Sasa tuseme na wakubwa wetu wa Serikali. Mwaka 2019 kilizinduliwa Tunduma kituo ambacho maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Hiyo ilikuwa hatua njema. Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia saini mjini Beijing hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA, na hilo nalo ni jema. Lakini tunaona kwamba mipango yote hii inamtazama mpitaji. Mwenyeji, je? Lori lililokwama katika foleni humtia hasara mwenye mzigo, lakini moshi, vumbi, ajali na maradhi humbakia mtu wa Tunduma baada ya lori kuondoka.

Na mwenye mzigo huenda akawa Mzanzibari. Dagaa wanaochemshwa na kuanikwa katika fukwe za Unguja hununuliwa kwa wingi na wafanyabiashara wa Kongo, na barabara ya kwenda Lubumbashi kwa njia ya Zambia hupita hapa. Mama aliyesimama juani akigeuza dagaa wake hajapata kuiona Tunduma, lakini siku lango hilo likifungwa, bei hushuka mpaka ufukweni kwake.

Kwa hiyo tunatoa rai tatu. Kwanza, mtumishi anayepelekwa mpakani apewe, pamoja na barua yake, maelezo ya historia na watu wa mahali anapokwenda, ili asiwatazame wananchi kama washukiwa wa magendo tu. Pili, Kimondo, mabaki ya tanuri za Wanyiha na kumbukumbu za ujenzi wa reli viwekwe katika ratiba za ziara za shule, za Bara na za Visiwani, na njia za kuvifikia ziwe na vibao vinavyosomeka. Tatu, sehemu ya mapato ya lango hilo ionekane kwa macho katika maji, zahanati na masoko ya mji unaolibeba.

Kwa ndugu zetu wa Visiwani tuna neno moja tu. Mmekwenda Dubai na Maskati, nanyi mnazijua njia za huko. Si vibaya. Lakini mwaka mmoja pandeni treni ya Mbeya, mshuke, mwende Vwawa, mnywe kahawa ya Mbozi na kuweka kiganja juu ya chuma kilichotoka angani. Mtakaribishwa kwa Kiswahili chenu wenyewe, kimechanganyika na Kinyiha na Kinyamwanga, na kikiwa na bashasha ile ile.

Mwaka 1890 wageni walituandika pamoja katika karatasi moja bila ya sisi kujuana. Itakuwa aibu kwetu, baada ya miaka yote hii ya kuwa nchi moja, ikiwa bado tutaendelea kutojuana kwa hiari yetu.