Kidevu Kikishonwa, Taya Nalo Likaguliwe

Mwendeshaji bodaboda anapoanguka kifudifudi, mara nyingi kidevu ndicho hugonga lami, na helmeti isiyofunika uso haikikingi. Jeraha hushonwa, mgonjwa hudungwa sindano ya pepopunda, kisha huenda nyumbani. Wiki chache baadaye bado hawezi kutafuna nyama.

Kishindo cha kidevu hupita kwenye mfupa wa taya hadi kwenye viungo vyake viwili, mbele ya masikio. Shingo ya mfupa hapo ni nyembamba na huvunjika kwa urahisi, hata kama nje hakuna uvimbe mkubwa. Ndiyo sababu jeraha hili hupitwa.

Mhudumu wa afya huanza na pumzi, kichwa na shingo. Kisha huuliza swali dogo lenye uzito: je, meno yanakutana kama zamani? Jibu la "hapana" lisipuuzwe. Huweka vidole mbele ya masikio na kumwambia mgonjwa afungue na kufunga kinywa. Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida hupitisha vidole vyake vitatu, vikiwa wima, kati ya meno ya mbele. Kidevu kikipinda wakati wa kufungua, kwa kawaida hupindia upande ulioumia. Pande zote mbili zikivunjika, meno ya nyuma hugusana mapema na ya mbele hubaki wazi.

Damu sikioni yaweza kutokana na taya, lakini pia yaweza kuashiria ufa chini ya fuvu. Sikio lisizibwe kwa pamba. Mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja. Kinywa kilichokwama wazi baada ya ajali kisilazimishwe kufungwa nyumbani.

Eksirei moja ya uso haitoshi. Huhitajika angalau picha mbili za pembe tofauti, au ile inayoonyesha taya zima. CT huonyesha mfupa kwa undani zaidi. Gegedu na kano hazionekani kwenye eksirei, kwa hivyo picha safi haimaanishi maumivu ni ya kubuni.

Watoto wahofiwe zaidi. Mtoto aliyeanguka kutoka kwenye mwembe huenda asieleze maumivu, ila akakataa chakula. Kiungo chake kikiachwa bila matibabu chaweza kuganda, kinywa kishindwe kufunguka na uso ukue ukielemea upande mmoja. Hata kidonda kikipona, arudishwe kliniki ya meno hospitalini kupimwa tena jinsi anavyofungua kinywa.