Magoti Mabovu na Chombo cha Tanga: Namna ya Kuchagua



Najua wengine mtacheka mkiona kichwa cha habari hii. Hapa Mazwi tunakaa juu kwenye uwanda, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na maji makubwa tunayoyazoea ni ya mvua. Mtauliza, huyu kijana wa mahindi na maharage amejua wapi habari za tanga? Nimezijua kwa babu yangu, baba wa mama, ambaye anakaa Kipili, pwani ya Ziwa Tanganyika. Ukishapita Namanyere njia inaanza kushuka, na mpaka kufika ziwani umeteremka zaidi ya mita 1,000. Huko ndiko ninakokwenda kila likizo.

Babu alipokuwa kijana alikwenda Tanga kufanya kazi ya mkonge, na siku za mapumziko akajifunza tanga kwa wavuvi wa huko. Aliporudi kwao alitia mlingoti katika mtumbwi wake. Watu wa Kipili wanamwita Mswahili kwa sababu hiyo, maana wenziwe wengi hupiga makasia au hutumia injini. Yeye husema petroli ni ya kununua na upepo ni wa bure.

Sasa magoti yake ni mabovu. Daktari alimweleza kwamba gegedu, yaani ile nyama ngumu laini inayokaa kati ya mfupa wa paja na muundi, imelika. Katika likizo ya mwezi wa Juni nilikuwa naye mtumbwini tukitoka kutega nyavu. Upepo ulibadilika, akataka kuhamia upande wa pili chini ya tanga, na goti likakataa kunyooka. Alibaki amechutama katikati, mtumbwi ukalala, maji yakaingia. Tulifua maji kwa ndoo tukafika salama, lakini nyavu zilikwenda. Jioni ile mjomba alisema mtumbwi uuzwe na mzee akae nyumbani. Babu hakujibu neno. Alikaa siku mbili bila kwenda hata ufukweni, na hilo lilinitia huzuni kuliko nyavu.

Basi nikaanza kuuliza, je, kosa ni la magoti au ni la chombo?

Yafaa kwanza kujua goti linachukia nini. Goti lililonyooka hubeba mtu bila shida kubwa. Goti lililokunjwa sana huku limebeba uzito ndilo linaloumia, kwa kuwa kilegesambwa, ule mfupa wa mviringo wa mbele, hugandamizwa kwenye paja kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara kadhaa. Kila mwenye baiskeli anaweza kuliona jambo hili. Teremsha kiti cha baiskeli mpaka chini kabisa, kisha panda kilima cha kuelekea bwenini kwetu. Magoti yatakueleza.

Kwa hiyo mtu mwenye magoti mabovu asianze kuuliza chombo kinakwenda mbio kiasi gani, wala kinabeba watu wangapi. Aulize hivi: kutoka nchi kavu mpaka kurudi nchi kavu, nitakunja magoti mara ngapi, na kwa kiasi gani? Mimi na binamu yangu tulikaa ufukweni tukahesabu safari moja ya babu, tangu kusukuma mtumbwi mpaka kuuvuta tena mchangani. Tulipata mikunjo mikubwa 31. Karibu yote ilikuwa mahali patatu: kupanda na kushuka, kukaa, na kuhama upande.

Kukaa ndilo jambo lililotushangaza. Ubao wa kukalia katika mtumbwi wake ulikuwa juu ya sakafu kwa sentimeta 15 tu. Nyumbani tulimjaribu kwa viti mbalimbali, tukaona anaweza kuinuka bila kushika kitu kwenye kiti cha sentimeta 43, lakini si chini ya hapo. Nikasema basi tuinue ubao. Fundi wa mitumbwi alinicheka sana. Alisema, “Kijana, ukimpandisha mzee juu kwenye chombo chembamba namna hii, utampindua kabla hajatoka ghubani.” Nami niliona haya, kwa sababu jambo hilo tumelisoma darasani katika Fizikia: kitovu cha uzito kikipanda, chombo hupoteza uthabiti. Kiti cha juu kinadai chombo kipana. Mambo hayo mawili hayatengani, na anayetaka moja bila lingine atalowa.

Tulianza kupima vyombo kimoja kimoja. Babu mwenyewe aliisifu ngalawa ya pwani. Kwa wasomaji ambao hawajaiona, ngalawa ni gogo lililochongwa, aghalabu la mwembe, lenye mirengu, yaani fito zinazotoka pande zote mbili na kushika mbao zinazogusa maji. Mbao hizo huzuia chombo kisipinduke. Hata hivyo gogo lenyewe ni jembamba mno, miguu hubanwa ndani yake, na upepo ukizidi lazima mtu mmoja atoke nje akakae kwenye fito. Ni chombo kizuri sana kwa kijana. Kwa babu, hapana.

Mwalimu wetu wa Jiografia, nilipomweleza habari hizi, alinionyesha picha za mashua ndogo za michezo za Ulaya na Marekani. Moja ni Laser, ambayo sasa huitwa ILCA, yenye urefu wa mita 4.23, na imetumika katika michezo ya Olimpiki tangu 1996. Mwendeshaji wake huingiza miguu chini ya mkanda na kulaza mwili wote nje ili kuushinda upepo, na boriti ya chini ya tanga hupita karibu na kichwa chake kila anapogeuka, hata hulazimika kuchutama. Ukitaka kuyaua magoti yako upesi, hicho ndicho chombo chenyewe. Nyingine ni Wayfarer, iliyobuniwa na Mwingereza Ian Proctor mwaka 1957. Hiyo ina urefu wa mita 4.82 na upana wa mita 1.85, na watu wazima hukaa kwa nafasi. Kwa goti linaloanza tu kuuma, naona yafaa.

Iliyonivutia zaidi ni Hansa, iliyobuniwa Australia na Chris Mitchell. Ndani yake mtu hukaa akitazama mbele kama dereva wa gari, huongoza kwa kijiti kilicho mbele yake, wala hahami upande hata mara moja, kwa sababu ubao mzito ulio chini ya mashua ndio unaoshindana na upepo. Nilijifunza pia kwamba watu wenye ulemavu walishindana kwa mashua za tanga katika michezo ya Paralimpiki, na kupata medali, tangu Sydney mwaka 2000 mpaka Rio mwaka 2016. Kisha mchezo huo ukaondolewa, jambo ambalo sikulipenda.

Nilimpelekea babu habari za Hansa nikidhani nimepata jibu. Aliitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Huyu bwana anaingiaje, na anatokaje?” Kweli, kiti chake kiko chini kabisa, na ule ubao mzito unataka maji ya kina na gati la kusimamia. Kule kwetu babu anaondokea mchangani. Tangu hapo nimejifunza kuuliza habari za ufukwe kabla ya habari za chombo.

Mwishoni tulipata boti la mbao lililokwisha tumika, lenye tezi iliyokatwa bapa, urefu futi 17 na upana futi 6. Babu aliuza mtumbwi, na mjomba, baada ya maneno mengi, aliongeza fedha iliyopungua. Fundi alitia viti viwili vya urefu wa sentimeta 43, kimoja kwa usukani. Kwa farumi tuliweka mifuko ya mchanga sakafuni, mmoja mmoja uwe mwepesi wa kutupwa majini, maana mzigo unaotuliza chombo ndio huo huo unaokizamisha kikijaa maji. Chini ya viti tulifunga madumu matupu yaliyozibwa vizuri, ili boti lielee hata likijaa.

Kuhusu tanga, babu alikuwa na hekima kuliko picha zote. Tanga la pwani hufungwa kwenye foromali juu, na chini halina boriti. Kwa hiyo hakuna kitu cha kumpiga mtu kichwani, wala hana haja ya kuchutama. Taabu yake ni kwamba kila ukigeuka katika kwenda bisho, foromali inatakiwa ipitishwe mbele ya mlingoti, kazi ya mtu mwenye miguu mizima. Babu aliamua kupunguza tanga na kuiacha foromali upande mmoja siku zote. Boti linapoteza mwendo kidogo linapoelekea upande mbaya. Yeye anasema hana miadi na mtu. Demani, ile kamba ya kulivuta tanga, inafika mpaka kiti cha usukani, naye huifanya kazi yote akiwa ameketi.

Lakini nisiwadanganye wasomaji. Boti pana ni zito, na babu hawezi kulisukuma peke yake, wala hatakiwi kwenda peke yake. Kuanzia Mei mpaka Septemba upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, na mtu ambaye hawezi kuruka upesi lazima aondoke mapema zaidi na kurudi mapema zaidi kuliko wengine. Mama alitoa sharti la jaketi la kuokolea, livaliwe tangu mchangani. Babu alinung'unika, akalivaa.

Tulipofanya hesabu tena kwa boti jipya, mikunjo mikubwa ilikuwa sita. Yote sita ni ya kupanda na kushuka. Tulijaribu ngazi fupi ya mbao, mawimbi yakaichukua. Sasa binamu huweka mifuko miwili ya mchanga kando ya boti, babu hukanyaga hapo huku ameshika mlingoti, hutanguliza mguu ulio mzima akipanda na ule mbovu akishuka. Mawimbi yakiwa makubwa njia hii bado haifai, nasi hatujapata nyingine. Msomaji yeyote, mwalimu au mzazi, mwenye fikra juu ya jambo hili anaombwa aniambie kabla ya likizo.

Wiki iliyopita nilipata barua ya binamu. Wamekwenda mpaka kisiwani na kurudi, wamepata migebuka ya kutosha na kuhe mmoja. Babu aliongoza njia yote, na waliporudi alikaa kitini kwa muda baada ya boti kuvutwa nchi kavu, hakutaka kushuka, wakadhani magoti yamemshika. Kumbe alikuwa anangojea mjomba afike amwone.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne