Moyo Usiojibu: Fani ya Al-Inkishafi

Mfugaji wa Getanuwas, mkoani Manyara, hahitaji maelezo marefu kuielewa picha hii iliyochorwa kisiwani Pate yapata karne mbili zilizopita: kisima kinacholindwa na dume la ng'ombe, kila asogeaye hupigwa pembe, maji asiyaonje. Ndivyo Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anavyoieleza dunia katika Al-Inkishafi.

Wengi hulisoma shairi hili kama mawaidha ya dini, nalo ni mawaidha kweli. Ila mshairi hauhutubii umma. Anausemesha moyo wake mwenyewe, na mapema kabisa anauchukulia kuwa una akili ya kuchagua. Tashihisi hiyo ndiyo mhimili wa kazi nzima: moyo ukishakuwa mtu, unaweza kubembelezwa, kukaripiwa, kuulizwa. Maswali ya balagha yanarundikana, na moyo haupewi nafasi ya kujitetea.

Umbo nalo lina upande wake. Ubeti una vipande vinne vya mizani 10, miwili zaidi ya utenzi uliozoeleka, na pumzi hukatika baada ya mizani ya 6. Vipande vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, kinachobadilika ubeti hadi ubeti. Cha nne hurudi daima kwenye kina cha bahari, "ye". Kwa hiyo msikilizaji hutangatanga mara tatu, kisha hurudishwa palepale. Hiari inatajwa kwa maneno, lakini kwa sauti shauri limekwisha kukatwa.

Tashbihi za dunia ni nyingi: bahari ya matumbawe, vumbi kwenye mwanga, mazigazi. Nzuri, ingawa mimi huona nguvu kubwa iko pale anapoziacha na kutuingiza katika majumba ya Pate. Madaka yaliyopangwa sahani sasa yamelala makinda ya ndege. Hapo anaonyesha magofu tu, kisha anauliza wenyewe wako wapi.

Turudi kwenye hiari. Katika shairi la "The Road Not Taken" la Mmarekani Robert Frost, msafiri amekwisha kushika njia yake, anatusimulia. Sayyid Abdalla anaishia kwenye kuitaja mioto ya jehanamu, bila kutuambia moyo uliamua nini. Mwanafunzi akiulizwa moyo wa mshairi ulichagua nini, ajibu bila woga kwamba shairi halisemi.